Mafundi wa Mwanza, nani kawaambia themostati ni kidude cha kutupa?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Hivi ni nani kawafundisha mafundi wetu kwamba mashine ikipiga alamu ya joto, dawa ni kung'oa themostati, yaani ile valvu inayofungua njia ya kupoza injini ikishapata joto lake? Jeti ski yangu, Sea-Doo yenye injini ya 4-TEC, ilipiga alamu pale Bwiru, nikaipeleka gereji. Narudi naambiwa imepona. Fundi kaitoa themostati, halafu ananiambia, "Bosi, hicho ni cha Ulaya kwenye baridi. Huku kwetu joto tupu."

Joto lipi? Maji ya ziwa ni nyuzi 25 hivi, na themostati ya injini ile inafunguka kwenye 87 hivi! Ukiitoa, kulanti (kimiminika cha kupozea injini) inaanza kupozwa kwenye bamba la chini linalogusa maji ya ziwa tangu unapowasha, injini haifiki joto lake. Kompyuta nayo inaona injini bado ya baridi, inazidi kumwaga petroli. Isiyoungua inaosha oili kwenye silinda na kushukia chini. Nimechomoa dipstiki, oili imevuka alama ya juu na inanuka petroli. Plagi nyeusi tii. Ringi za pistoni hapo zinalainishwa na nini?

Kinachoniuma zaidi, themostati haikuwa na kosa lolote. Kwenye hizi mashine kulanti inazunguka humo humo ndani, lakini ekzosi inapozwa na maji ya ziwa yanayosukumwa na pampu. Nimefungua mwenyewe: tundu la kuchukulia maji hayo limezibwa na mizizi ya magugu maji. Magugu maji, jamani! Mtoto wa Kirumba asiyeyajua nani? Fundi hata kuinama kuchungulia chini hakuinama.

Na kama uliishuku, si ungeipima? Sufuria ya maji, jiko na kipimajoto, unaangalia inafunguka au imekwama. Basi.

Zipo jeti ski ambazo kiwandani hazikuwekewa themostati, sizungumzii hizo. Themostati za mashine za mitumbwi hufunguka mapema, nyuzi 50 au 60, nazo naona mnazing'oa tu.

Nimemdai anirudishie, anasema keshaitupa. Basi atanunua mpya, na hela ya oili na plagi iko juu yake. Mwenye kujua duka la orijino hapa mjini aje PM.