Mtu akizidiwa na ugonjwa wa akili, polisi wakae pembeni?

KALAMU BUTU:
Wakuu, naleta hoja, naomba tusitukanane. Mtu moyo ukimkamata tunamwitia ambulensi. Kisukari kikipanda, ambulensi. Akili ikivurugika, tunamwitia watu wenye pingu na bunduki. Kwa nini? Eugene, mji wa jimbo la Oregon kule Marekani, mwaka 1989 walianzisha huduma inayoitwa CAHOOTS. Gari linakwenda na watu wawili, mmoja wa tiba na mwingine aliyezoea kukaa na watu walioshikwa na misukosuko ya akili. Hawabebi hata kirungu. Kwa hesabu yao wenyewe, mwaka 2019 walishughulikia simu kama 24,000 na waliomba polisi waje kuongeza nguvu mara 150 hivi. Sasa tunang'ang'ania polisi wa nini?

TUMBO JOTO:
Kwa hiyo kichaa ameshika shoka, mimi nimwite mshauri nasaha aje na daftari amuulize habari za utotoni? Ngoja nicheke kwanza nitarudi.

KALAMU BUTU:
Mgonjwa wa akili. Siyo kichaa.

TUMBO JOTO:
Shoka ni lile lile.

AFANDE MSTAAFU:
Nimevaa magwanda miaka 27. Mnavyoandika humu utadhani sisi huamka asubuhi tukawinda wagonjwa. Hakuna askari anayeipenda kazi hiyo. Unaingia chumba usichokijua, mtu anaongea na asiyeonekana, ndugu wote wamesimama nje wanakusukuma wewe utangulie. Tunaitwa. Na mkitaka ukweli wote, wanaotuita sana usiku ni manesi wenyewe. Mgonjwa akivunja kioo ndani ya wadi, wote wanajifungia ofisini, halafu simu: afande njooni haraka.

NESI WA USIKU:
Shikamoo afande. "Wote wanajifungia ofisini." Hao wote ni kina nani? Usiku wa kuamkia leo tulikuwa wawili kwa wagonjwa thelathini na kitu, na mwenzangu ana mimba ya miezi saba. Na hiyo ofisi ya kujifungia haina kitasa. Kiling'oka, tukaandika barua, barua iko njiani.

AFANDE MSTAAFU:
Marahaba. Sikukutaja wewe.

NESI WA USIKU:
Umesema wote.

MPIGA DEBE:
Nimekuja kwa ajili ya mjadala nimebakia kwa ajili ya kitasa.

MSOMI UCHWARA:
Kalamu Butu, takwimu zako hazijakamilika. Polisi wa Eugene wenyewe walizipitia zile simu, na nyingi zilikuwa za kwenda kumjulia mtu hali, kumsaidia barabarani au kumpa usafiri, na mengi ya hayo hata zamani polisi asingetumwa. Kwa hiyo ukisema "mara 150 kati ya 24,000" unachanganya mtu anayetaka lifti na mtu anayetaka kuruka ghorofani. Halafu hukusema kwamba huduma hiyo ilisimama Eugene Aprili 2025 kwa ukata. Imeishi zaidi ya miaka 35 ikafa kwa kukosa hela. Ukitaka kuijadili, ijadili yote.

KALAMU BUTU:
Anayejiita msomi uchwara anajijua mwenyewe. Kufa kwa hela siyo kushindwa kwa wazo.

MSOMI UCHWARA:
Jina ni la utani, kaka. Hoja haikuwa ya utani.

DADA WA KWANZA:
Nilikuwa nasoma tu, ngoja niseme. Mdogo wangu aliacha dawa. Siku ya nne hajalala, anazunguka chumbani anabishana na sauti. Nikapiga hospitali. Wakauliza, ametishia mtu? Nikasema hapana. Mlete kliniki kesho asubuhi. Nimlete vipi, nimbebe mgongoni? Nikapiga polisi, swali lile lile, jibu lile lile. Nilipopiga mara ya tatu nikasema ana kisu.

Hakuwa na kisu.

Walifika kabla sijamaliza kushuka ngazi. Walimlaza kifudifudi, goti mgongoni, naye analia anataja jina langu. Mzima, namshukuru Mungu. Ila mpaka leo nikiingia chumbani anatoka.

TUMBO JOTO:
Subiri. Ulidanganya?

DADA WA KWANZA:
Ndiyo.

TUMBO JOTO:
Halafu goti unalilalamikia? Askari ameambiwa kuna kisu, ulitaka aingie na maua?

MAMA WA WAWILI:
Muacheni dada wa watu. Mimi wangu nilisema amefungulia gesi. Wakaja. Miezi mitatu nyuma nilikuwa nasema ukweli na hawakuja hata siku moja.

TUMBO JOTO:
Mmeshakuwa chama. Chagueni na mweka hazina.

AFANDE MSTAAFU:
Dada, pole kwa yaliyokukuta, nasema kwa moyo. Lakini ujue ulichowafanyia wale vijana. Ukisikia kisu, mwili wako tayari umeshaamua kabla hujafika mlangoni. Mkono unakwenda wenyewe. Angeshika rimoti ya televisheni ungemzika, na askari yule angeishi nalo mpaka kaburini. Kisha humu tungeandikwa wauaji.

DADA WA KWANZA:
Najua, baba. Unadhani nalala?

MSOMI UCHWARA:
Hili ndilo jambo lenyewe na mnalipita. Uingereza, polisi wa Humberside walianza mwaka 2020, London wakafuata 2023: polisi hawaendi kwenye simu za afya ya akili ila kama kuna hatari kwa maisha au uhalifu. Kwenye karatasi inapendeza, ndiyo hasa anayoitaka Kalamu Butu. Lakini ukiweka kizingiti cha "hatari", na nyuma ya kizingiti hukuweka mtu mwingine wa kuja, kila nyumba itakuwa na kisu kwenye simu. Dada hakudanganya kwa tabia mbaya. Alijibu swali aliloulizwa.

TUMBO JOTO:
Kudanganya sasa kunaitwa kujibu swali. Nimejifunza.

NESI WA USIKU:
Mimi niseme la goti, maana mnalipita kama la kawaida. Mtu hajalala siku nne, hajala, hajanywa maji, moyo unakwenda mbio. Ukimlaza kifudifudi na kumkandamiza mgongo, kifua hakipati nafasi ya kutanuka. Anavyozidi kuhangaika ndivyo anavyotafuta pumzi, ila aliyemshika anaona ni ubishi, anaongeza uzito. Akisema siwezi kupumua anaambiwa mbona unaongea. Kisha anatulia, watu wanashukuru kwamba ametulia. Kutulia huko mimi kunanitisha kuliko fujo.

AFANDE MSTAAFU:
Sawa nesi. Ila London mwaka 2010, kijana wa miaka 23, Seni Lewis, alikuwa wapi? Barabarani? Alikuwa tayari hospitalini. Askari 11 walimkandamiza, akafa. Nani aliwaita? Hospitali. Nikisema mnatuita mnanuna.

NESI WA USIKU:
Sijanuna. Ni kweli waliitwa. Ndiyo maana ikatungwa sheria mwaka 2018 yenye jina lake, inayozibana hospitali zenyewe kuhusu kutumia nguvu, na askari akiingia wadi ya akili avae kamera. Angalia, inazibana hospitali kwanza. Sisi pia huwa tunakandamiza watu, afande. Sikatai. Nilichokataa ni "wote wanajifungia".

AFANDE MSTAAFU:
Basi nafuta "wote".

MPIGA DEBE:
Jamani imeandikwa, tarehe iwekwe.

KALAMU BUTU:
Turudi kwenye mada. Stockholm, Sweden, tangu 2015 wana ambulensi ya akili, manesi wawili wa magonjwa ya akili ndani yake. Inawezekana.

TUMBO JOTO:
Umeshaambiwa zamu nzima ina manesi wawili, na wewe unataka wengine wawili wapande gari. Watatoka wapi, kwenye barua ya kitasa?

NESI WA USIKU:
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Tumbo Joto na inaniuma.

MAMA WA WAWILI:
Afande, nina swali, siyo la ugomvi. Askari wanafundishwa nini kuhusu hawa wagonjwa?

AFANDE MSTAAFU:
Zama zetu, asubuhi moja. Mhadhiri alichelewa. Nimesikia Memphis kule Marekani tangu 1988 wana askari waliojitolea wanaopewa saa 40 za mafunzo, wanakutana na wagonjwa na familia zao wanakaa nao wanazungumza. Ningepewa hizo saa 40 ningezichukua. Kuna mtu mmoja nilimfunga pingu mwaka wangu wa tatu kazini, alikuwa anaimba tu. Anaimba kwa sauti sokoni, basi. Sijui kwa nini nilimfunga.

TUMBO JOTO:
Pole mzee.

MSOMI UCHWARA:
Kuhusu kizingiti hakuna aliyenijibu.

DADA WA KWANZA:
Nikujibu mimi. Siku ile yule aliyepokea simu angeniuliza "hajalala siku ngapi" badala ya "ametishia mtu", ningesema nne. Nisingehitaji kisu.

TUMBO JOTO:
Na akishajua ni siku nne amtume nani?

DADA WA KWANZA:
Hapo ndipo sijui. Mtu yeyote anayejua kukaa sakafuni na mtu. Hata afande huyu, bila pingu.

AFANDE MSTAAFU:
Magoti yangu yamechoka, mwanangu. Kukaa nitakaa, kuinuka ndiyo mniinue. Anaendeleaje sasa?

DADA WA KWANZA:
Anakunywa dawa. Jana aliacha mlango wazi nilipopita.

MGENI LEO:
Habari zenu wakuu. Nimesoma ukurasa wa mwisho tu. Kwa hiyo kitasa kimeletwa au bado?