Mdogo wangu anatubebea mimba Texas, mimi naandikwaje kwenye cheti cha kuzaliwa?

Mama_Houston: Wapendwa, salaam. Kizazi changu kilitolewa miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya uvimbe. Mayai ni yangu, mbegu za mume wangu, viinitete viko kliniki vimegandishwa. Mdogo wangu wa Dallas kakubali kutubebea bure. Wanapandikiza baada ya siku 10. Kuna karatasi zozote, au mtoto akizaliwa tunaandikisha majina yetu tu?

Mzee_wa_Kijiwe: Damu yako mwenyewe, mkataba wa nini? DNA itasema.

Karani_Dallas: Mzee, usimpotoshe. Dada, Texas mkataba husainiwa zaidi ya siku 14 kabla ya kupandikiza. Wewe una 10, pigia kliniki leo hii waahirishe. Halafu mnaomba mahakama iuthibitishe. Muwe na ndoa, na ile ripoti ya upasuaji itafute, maana lazima kuwe na ushahidi wa daktari kwamba huwezi kubeba. Mdogo wako ashawahi kuzaa? Ameolewa?

Mama_Houston: Ana wawili. Mumewe yuko Mwanza.

Karani_Dallas: Basi naye asaini. Mke wa mtu akizaa, sheria inaanza kwa kumhesabu mumewe kuwa baba. Bila mkataba uliothibitishwa mtajikuta mnahangaika mahakamani na kichanga mkononi. Na akishazaliwa mnaijulisha mahakama ndani ya siku 300 tangu kupandikiza, ndipo jaji anaamuru cheti kitoke kwa majina yenu.

Mama_Houston: Jamani, shemeji hajui chochote! Mdogo wangu alisema atamwambia "taratibu".

Mzee_wa_Kijiwe: Taratibu ya miezi tisa? 😂

Chicago_Kwetu: Sisi tulifanyia Illinois, sheria ya 2005. Kila upande na wakili wake, mbebaji akapimwa afya na akili. Mawakili walithibitisha kabla mtoto hajazaliwa, majina yakaingia kwenye cheti bila kumwona jaji. Ila usije ukanakili fomu zetu, Texas hazikusaidii. Michigan ndiyo usiseme: mkataba wa malipo ulikuwa jinai tangu 1988, hadi sheria mpya ilipoanza kazi Aprili 2025.

Mama_Houston: Asanteni. Kliniki wameahirisha. Shemeji nimemtumia sauti ya dakika saba WhatsApp. Tiki za bluu tangu saa tatu asubuhi, kimya.