Majirani hawataki kusema kipato, mji utakosa ruzuku. Nifanyeje?

Bwana Mahindi: Wakuu, habari zenu. Niko mji mdogo Iowa. Bomba la maji taka la mtaa wetu limechoka, mvua kubwa ikipiga maji yanapanda kupitia tundu la sakafu ya besimenti. Jumapili nimekuta viatu vya wanangu vinaelea. Mji unataka kuomba fedha za CDBG, yaani ruzuku ya serikali kuu ya Marekani ya kuendeleza jamii, kwa hiyo wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza mko wangapi na kipato chenu. Nimeombwa nisaidie kwa Kiswahili, maana mtaa una Wakongomani wengi. Milango inafungwa! Mzee mmoja kaniambia, "Mwanangu, mshahara ukishaingia kwenye karatasi ya serikali, umejiuza." Nimjibuje?

Kibuyu: Mji wenye watu 50,000 na kuendelea kwa kawaida hupewa moja kwa moja na HUD, wizara ya nyumba na maendeleo ya miji. Nyie wadogo mnapitia jimboni, tena kwa kushindana na wenzenu. Kwa mradi wa mtaa kama huo, lazima muonyeshe kwamba angalau asilimia 51 ya wakazi wake ni wa kipato cha chini au cha wastani. Takwimu za sensa zisipowabeba, ndiyo mnapita milangoni. Jimbo linataka jumla ya mtaa, mshahara wa mzee hauwahusu.

MamaTatu: Usianze na mshahara, ndugu yangu. Anza na "mko wangapi?" Kisha muonyeshe kikomo cha kipato kwa familia kama yake, aseme yuko juu au chini. Kikomo hupanda kadiri watu wanavyoongezeka. Mwenye watu tisa anadhani ovataimu imemtoa kwenye kipato cha chini au cha wastani, kumbe bado yumo.

Kibuyu: Na usimjazie mtu majibu kwa kukisia, hata kama unamjua vipi. Jimbo hukagua.

Fundi Bomba: Waambie pia viongozi wa mji wasiguse udongo kabla ya mapitio ya mazingira kukamilika na fedha kuruhusiwa. Nilikokuwa naishi zamani walichimba mapema, hela ikazuiwa.

MamaTatu: Mkutano wa hadhara je? Dai mkalimani. Wasiojua Kiingereza wakiwa wengi, mji unatakiwa kuwaandalia.

Bwana Mahindi: Mrejesho. Nimerudi kwa mzee baada ya shifti, nimefanya kama MamaTatu alivyosema. Kakaa kimya, kahesabu vidole, halafu kaniuliza kama mjukuu aliyezaliwa juzi naye anahesabiwa.

MamaTatu: Kama anaishi hapo, anahesabiwa. Mwandike.