Sjoerd: asili ya jina, maana yake na linavyotamkwa

Swali, kutoka Utrecht

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mume wangu ni Mfrisia, yaani mtu wa Friesland, jimbo la kaskazini mwa Uholanzi, na tukijaaliwa mtoto wa kiume mwezi ujao, wakwe wangependa aitwe Sjoerd, ambalo ni jina la baba mkwe. Mama yangu aliyeko Tanga alipolisikia kwenye simu aliuliza, "Shurti? Shurti afanye nini?" Naomba mwenye kujua anieleze jina hili limetoka wapi na lina maana gani, ili nami niwe na la kumjibu.

Jibu, kutoka Leeuwarden

Dada yetu, Mungu akujalie ujifungue salama. Mama amesikia karibu sawasawa, kwani sj husomwa sh, oe husomwa u, na d ya mwisho hutamkwa t. Alichoongeza ni ile irabu ya mwisho ambayo ndimi zetu huidai.

Jina lenyewe limeundwa kwa maneno mawili ya lugha ya kale iliyozaa Kifrisia, Kiholanzi na Kijerumani: sige, yaani ushindi, na ward, yaani mlinzi. Ni ndugu wa Sigurd la Wanorwe na Sjúrður la visiwa vya Faroe. Vinywani mwa Wafrisia g ya katikati ililainika hadi ikatoweka, ndipo yakapatikana maumbo kama Sieuwerd, na hatimaye Sjoerd. Wengi hulitafsiri "mlinzi wa ushindi", lakini mimi nasita, kwa sababu watu wa kale waliunganisha maneno mawili ya heri bila kukusudia kwamba yatoe maana moja iliyonyooka. Mwambie mama kwamba ni Mansuri (mwenye ushindi) na Hafidhi (mlinzi) ndani ya jina moja.

Kurithisha jina la babu hakutamshangaza. Kabla ya amri ya Napoleon ya mwaka 1811 kuhusu majina ya ukoo, Wafrisia wengi walifuatisha jina la baba kama tufanyavyo sisi. Kahawa ya Douwe Egberts, ambayo huenda unayo jikoni, ilianzia katika duka lililofunguliwa Joure, hukohuko Friesland, mwaka 1753 na Egbert Douwes, yaani Egbert wa Douwe. Mwanawe akawa Douwe Egberts, kama vile Ali Juma anavyomzaa Juma Ali. Majina ya ukoo ya Sjoerds na Sjoerdsma yamezaliwa kwa mtindo huohuo.

Uzazi huandikishwa gemeente, yaani manispaa, ndani ya siku 3, na mtoto anaweza kupewa zaidi ya jina moja la kwanza. Wangu ni Sjoerd Mansuri: shuleni huitikia la kwanza, Mombasa la pili.

Kutoka Utrecht tena

Ahsante sana, kaka. Nimemsomea mama jibu lako lote. Amenyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyo Shurti, shurti nije kumwogesha mwenyewe."