Sato anakulaje "maji ya kijani"? Bwawa liko Kiwira, maji ni maangavu na samaki wamedumaa

Mdau wa Kiwira

Wakuu, naomba msaada wa wanaojua ulaji wa samaki. Bwawa ni la mita 10 kwa 20, kina mita 1, lipo Kiwira, Rungwe. Maji yanaingia kwa mfereji kutoka kijitoni usiku na mchana na kutokea upande wa pili. Ni maangavu, hadi sakafu inaonekana. Kuna sato 400 walio na miezi sita tangu wapandikizwe, wengi wana gramu 50 hadi 60. Wanalishwa pumba za mahindi asubuhi na jioni. Joto la maji alfajiri ni nyuzi 17, saa 9 alasiri ni 21.

Bwana samaki anashauri maji yarutubishwe kwa samadi yawe ya kijani, kwa sababu sato hula hicho kijani. Samaki anawezaje kula kitu kisichoonekana kwa macho? Na maji kuyachafua hivyo hakutawaua?

Matamvua

Bwana samaki yuko sahihi. Kijani hicho ni mwani mdogo sana unaoelea, na sato mkubwa ameumbwa kuuchuja. Haogelei mdomo wazi kama samaki wengine wanaochuja. Husimama karibu mahali pamoja akivuta maji kinywani na kuyatoa kwenye mashavu, tena na tena. Fungua shavu la sato utaona tao la tamvua. Upande wa nje una nyuzi nyekundu za kupumulia, upande wa ndani una vijino vifupi vilivyopangwa mstari. Hapo ndipo kazi inapofanyika.

Wengi hudhani vijino hivyo vinafanya kazi kama chekecheke, yaani kilicho kikubwa kuliko tundu kinabaki. Sivyo kabisa. Seli nyingi za mwani ni ndogo kuliko nafasi kati ya vijino. Maji yanapita sambamba na matao, sehemu yake inatoka pembeni kupitia mashavu, na chembe zinaendelea mbele na mkondo hadi kooni. Ute uliomo kinywani hunasa nyingine. Kooni kuna mifupa yenye meno inayosaga, kisha tumbo lenye asidi kali ambayo pH yake (kipimo cha tindikali; ikishuka, asidi ni kali zaidi) inaweza kushuka hadi karibu 1.5. Asidi hiyo ndiyo inayopasua seli za mwani wa kijani-bluu, ambao samaki wengi hawawezi kuumeng'enya. Utumbo wake nao ni mrefu mara nyingi kuliko mwili, umejiviringa.

Ukitaka kuhakikisha, pasua samaki mmoja saa 9 au 10 alasiri. Anayekula mwani atakuwa na tumbo lililojaa uji wa kijani. Usipasue alfajiri, kwa sababu sato hula mchana na usiku tumbo huisha. Kwa maji hayo ya kuona sakafu, nina hakika utakuta pumba na matope tu.

Sasa tatizo lenyewe, nalo ni mfereji. Chukua ndoo ya lita 20, ikinge kwenye maingilio, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 20, unaingiza lita 1 kwa sekunde, sawa na lita 86,400 kwa siku. Bwawa lako lina lita 200,000. Maana yake kila baada ya siku mbili na kidogo umeingiza maji ya kutosha kujaza bwawa zima. Mwani kwenye ubaridi wa nyuzi 17 huongezeka polepole. Unasombwa kabla haujazaliana, na mbolea yoyote utakayoweka itawafaidi walio chini ya kijito. Maji hayohayo ndiyo yanayolipoza bwawa lako. Funga mfereji. Fungua kidogo tu kufidia yanayonywea ardhini na kukauka kwa jua.

Fundi wa Mabwawa, Iringa

Naongezea vipimo, maana "weka samadi" bila kipimo ndiko kunakoua samaki.

Funga maji kwanza. Kisha chokaa ya kilimo, kilo 20 hadi 40 kwa bwawa la mita za mraba 200. Udongo wa Rungwe huoshwa na mvua nyingi na huwa na tindikali. Bila chokaa mbolea haifanyi kazi ipasavyo. Iwe chokaa ya kilimo, ile ya kusaga. Chokaa ya kuchoma, ya kupaka ukuta, inapandisha pH ghafla na itaua samaki waliomo; hiyo ni ya bwawa lililokaushwa tu.

Subiri wiki mbili, kisha anza mbolea ya kuku iliyokauka. Kipimo cha kawaida ni kilo 10 kwa wiki kwa eneo lako, lakini kwa Juni na Julai weka kilo 5. Kwenye baridi samadi haiozi upesi. Inajilimbikiza chini, joto likipanda Septemba inaoza yote kwa pamoja na kumaliza oksijeni. Hapo utakuta samaki wanahema juu ya maji alfajiri, na wengine wamekufa. Zungushia kona moja fito, weka samadi humo, koroga mara moja kwa wiki. Samadi ya ng'ombe ni dhaifu zaidi, utahitaji kama mara mbili ya hiyo.

Kupima: paka mfuniko wa ndoo wa sentimita 20 rangi kwa kupokezana, robo nyeusi, robo nyeupe, uning'inize kwenye kamba yenye alama za sentimita na ufunge jiwe chini. Zamisha mchana wakati jua liko juu. Unapopotea machoni, soma kina:

- sentimita 25 hadi 35: vizuri, endelea
- zaidi ya 45: chakula ni kidogo, ongeza mbolea
- chini ya 20: simamisha mbolea na chakula, ingiza maji mapya

Kipimo hiki hudanganya maji yakiwa mekundu kwa udongo. Mvua za masika zikiingiza tope, mfuniko utapotea kwenye sentimita 15 bila mwani wowote, kwa sababu tope linazuia mwanga. Chimba mtaro wa kuyakinga maji hayo ya mvua juu ya bwawa. Na mwani wa nyuzi unaotanda pembeni uutoe kwa reki: sato wako hatauchuja huo, na unakula mbolea yako.

Pumba peke yake zina protini kama asilimia 10 tu. Changanya kilo 6 za pumba, kilo 2.5 za mashudu ya alizeti na kilo 1.5 za dagaa waliosagwa, utafika karibu asilimia 20. Samaki 400 wa gramu 60 ni kilo 24. Asilimia 3 ni gramu 720 kwa siku. Maji yakiwa chini ya nyuzi 20 toa nusu yake, na ulishe saa 7 hadi 10 mchana, siyo asubuhi. Sato kwenye maji ya nyuzi 17 karibu hagusi chakula. Kinazama na kuwa mbolea usiyoipima.

Mama Vifaranga

Angalia pia kama wamezaana. Sato aliyedumaa bwawani anaweza kutaga akiwa na gramu 50 hivi, na jike hulea mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki moja hadi mbili bila kula chochote cha maana. Anamaliza, anataga tena. Ukivuta wavu ukakuta vifaranga wengi wa sentimita 2 au 3, nao hula vijidudu vinavyoelea, basi chakula cha asili kinagawanywa na midomo mingi mno. Wavue uwatoe. Awamu ijayo tafuta vifaranga dume watupu.

Kambale wachache husaidia kupunguza vifaranga, ila waingie wakiwa wadogo kuliko sato. Kambale hutafuta chakula usiku kwa ndevu zake na kukifyonza kwa kufungua kinywa ghafla. Chochote kinachotosha mdomoni kinakwenda.

Maji yako yanaporudi kijitoni weka wavu wa matundu madogo kwenye tokeo. Mto Kiwira unaishia Ziwa Nyasa, sato si mwenyeji wa ziwa hilo, na huzaliana na perege wa asili. Tafadhali hili usiliache.

Mdau wa Kiwira

Ndaga sana, asanteni. Mfereji nimeufunga. Swali la mwisho: kome wa mtoni nao nasikia huchuja maji. Nikiwaweka watasaidia?

Matamvua

Hapana mkuu. Kome huvuta maji kwa vinyweleo vidogo vilivyo kwenye matamvua yake, hunasa chembe kwa ute, na asichokitaka hukitema kama vidonge vinavyozama. Kazi yake ni kuyafanya maji yawe maangavu, kinyume cha unachotafuta, na atakula mwani uleule unaowakuzia sato. Tena viluwiluwi vya kome wengi wa maji baridi huishi kwa muda vikiwa vimejishika kwenye mwili wa samaki. Waache mtoni.