Mtaro wa mita 2, udongo umeshika: ni lazima kukinga kuta?

bomba_kubwa: Wakuu, tunalaza bomba la majitaka chini ya mkandarasi mkuu. Mtaro una kina cha mita 2, upana sentimita 80, urefu mita 40. Udongo ni mfinyanzi, kuta zimesimama wima siku ya tatu sasa. Foromani anasema kuweka mbao ni kupoteza muda. Sheria inasemaje? Na ukuta ukianguka, anawajibika nani, sisi au yeye?

kifusi: Siku tatu hazithibitishi kitu. Mfinyanzi hushikana kwa unyevu wake. Jua likiukausha hupasuka, mvua ikapenya kwenye nyufa, kisha ukuta hushuka pande zima bila onyo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina tani 1.5 hivi, na ukilowa huzidi. Aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kufa huku kichwa kiko nje, kwa kuwa kifua hakipati nafasi ya kutanuka.

Tembea juu ukatafute nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, kisha angalia kama ukuta umetuna chini au unachuruzika maji. Kama pembeni pana bomba la zamani, huo ni udongo uliokwishachimbwa. Usiuhesabu kuwa imara hata kama ukiubonyeza kidole gumba hakiingii.

Kina cha kulazimisha kinga hutofautiana nchi na nchi. Marekani ni futi 5, yaani kama mita 1.5, isipokuwa kwenye mwamba mtupu. Kwenu mmeshapita hapo.

bomba_kubwa: Je, tukizilaza kuta, yaani tuzichonge ziwe na mteremko, badala ya kuzikinga?

mzee_wa_mitaro: Piga hesabu kwanza, mkuu. Mlalo wa nyuzi 45 kwa kina chako unadai upana wa mita 4.8 juu. Udongo wa kutoa unapanda kutoka mita za ujazo 64 hadi 224, na kwenye kichanga kilegevu mlalo unatakiwa kuwa mpole zaidi ya huo. Una pa kuuweka? Mara nyingi boksi la chuma (hushushwa mtaroni, watu wakafanya kazi ndani yake), au mbao zinazokazwa kwa jeki kutoka ukuta hadi ukuta, ndiyo njia nafuu.

Mbao na jeki hufungwa kuanzia juu kwenda chini, hufunguliwa kuanzia chini kwenda juu, na kifusi kinarudishwa kadiri unavyofungua. Watu hujichanganya hapa: wanang'oa jeki zote kwa mpigo ili wawahi kufukia.

Kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mimi nataka mita nzima. Ngazi iwe ndani muda wote watu wakiwamo, ipite ukingo kwa sentimita 90, na mtu asitembee zaidi ya mita 7.5 kuifikia. Kwa mita 40 zako, ngazi tatu. Pampu ya petroli isiwe karibu na mdomo wa mtaro, moshi wake hutuama chini.

mkaguzi_saiti: Nijibu la uwajibikaji. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1988, kwa nchi zilizouridhia, unampa mkandarasi mkuu jukumu la kuratibu usalama pale waajiri kadhaa wanapofanya kazi saiti moja. Ila kila mwajiri anabaki na wajibu kwa watu walio chini yake. Kwa hiyo "foromani wa mkuu alisema" haiwatoi ninyi.

Mkataba huohuo unamruhusu mfanyakazi kujiondoa akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu, mradi amjulishe msimamizi mara moja. Sheria ya nchi yako inaweza kudai zaidi, isome.

Kwa vitendo: mteue mtu mmoja mwenye ujuzi, akague kabla ya kila zamu na baada ya kila mvua, aandike tarehe na saa. Kinga ikikosekana, mwandikie mkandarasi mkuu na uwatoe watu.

kifusi: Nyongeza: ukuta ukishuka, asirukie mtu ndani kuokoa, maana upande wa pili huwa umebaki bila egemeo. Katapila lisichimbe alipofukiwa mtu. Zimeni mashine, iteni waokoaji, kingeni kuta kwanza, ndipo mfukue kwa mikono.