Cessna 172 iko Wilson, kwao Dar: niirushe mwenyewe, nikodi rubani au niipakie kwenye lori?

tai_mchanga (Dar)
Wakuu, habari za jioni. Mimi na shemeji tumeshalipia Cessna 172M ya mwaka 1975. Iko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na bado ina usajili wa Kenya, 5Y. Makazi yake yatakuwa Dar. Leseni yangu ya rubani binafsi ni ya TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania), bado mbichi kabisa, saa zangu hazijafika mia na karibu zote nimezirukia huku pwani. Nyanda za juu sijawahi kurusha hata kishada.

Ninavyoona kuna njia tatu. Ya kwanza niilete mwenyewe, mwalimu akiwa kiti cha kulia. Ya pili nimkodi rubani mzoefu ailete, mimi niipokee Dar. Ya tatu mabawa yang'olewe, ipande lori ipite Namanga. Shemeji anashikilia hiyo ya mwisho, hoja yake ni kwamba lori halianguki kutoka angani. Nisaidieni kupima.

Kanga_wa_Langata
Hongera kwa ndege, kaka. Lakini kabla hamjafika kwa nani ashike usukani, kuna jambo naona umelipita. Leseni yako ni ya Tanzania, ndege ni ya Kenya. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinataka rubani anayevuka mpaka awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Kwa hiyo ikiwa bado 5Y, nenda KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, uombe idhini ya leseni yako, la sivyo kwenye ndege hiyo wewe ni abiria tu, hata kama umeinunua. Kuifuta usajili wa Kenya kwanza na kuisajili Tanzania, 5H, ni njia nyingine, ila subira iwepo, maana kifungu cha 18 hakiruhusu ndege kuwa na usajili wa nchi mbili kwa wakati mmoja. Na mwalimu naye aulizwe leseni yake ni ya wapi. Watu wengi husahau hilo.

fundi_hanga3
Naanza na shemeji. Mkuu, kung'oa mabawa ya 172 si kama kung'oa milango ya kabati. Kuna boliti kubwa za kuunganisha bawa na mwili, kuna mihimili, mabomba ya mafuta, nyaya za umeme na kebo za usukani. Vyote vinafunguliwa, vinabebwa barabarani, kisha vinafungwa upya na kupimwa mvuto wa kebo mmoja mmoja, na karakana yenye kibali isaini. Ukimaliza, ndege inapaa Dar kwa mara ya kwanza tangu ivunjwe. Lori halianguki, kweli, ila hatari umeisogeza mbele tu, na bili juu. Lori ni la ndege isiyoweza kuruka.

Sasa ya kwangu. Ndege iliyokaa sana bila kuruka inaleta matatizo saa za mwanzo. Kabla ya safari yoyote, fundi *asiyefanya kazi na muuzaji* apime mgandamizo wa kila silinda, akate chujio la oili atafute vipande vya chuma, akague reli za viti (Cessna za umri huo viti huchomoka kwenye reli, rubani anateleza nyuma akiwa anapaa, na mkono umeshika usukani), na amwage mafuta kutoka kila tangi aone kama kuna maji. Kisha irushwe hapo hapo Wilson, siku mbili tatu, karibu na mafundi. Kitakachovuja kivujie hapo, si juu ya Longido.

BiKepteni
Nakubaliana na fundi neno kwa neno. Nami nafundisha, kwa hiyo kura yangu ni ya njia ya kwanza, ila kwa masharti.

Mdogo wangu, Wilson iko futi 5,500 na ushee juu ya bahari. Mchana wa nyuzijoto 26 hewa ya pale ni nyembamba kama ya futi 8,000. Hiyo 172M yako yenye nguvu za farasi 150 kitabu chake kinaahidi kupanda futi 645 kwa dakika usawa wa bahari ikiwa na uzito kamili. Pale utapata karibu nusu, na vilima vya Ngong viko upande wa magharibi, vina futi 8,000.

Pwani umezoea kusukuma kile kirungu chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa hadi mwisho kabla ya kupaa. Fanya hivyo Wilson, injini itakohoa kwa petroli kuzidi hewa. Pale unasimama mwisho wa barabara, breki umekanyaga, nguvu zote, unavuta kirungu polepole ukitazama mizunguko ya injini ikipanda. Ikifika kileleni na kuanza kushuka, unarudisha ndani kidogo. Ndipo unaachia breki.

Kutua nako kuna mtego. Mshale wa mwendo utasoma kama unavyosoma Dar, lakini ardhi itapita chini yako kwa kasi zaidi, kama asilimia 12. Macho yatakuambia unakimbia mno, mkono utavuta pua juu. Usiyasikilize macho, sikiliza mshale. Hayo huyasomi kwenye kitabu ukayamaliza, lazima mtu awe pembeni yako mzunguko baada ya mzunguko. Ukimkodi rubani akuletee, utaipokea ndege Dar ukiwa mgeni nayo vilevile.

jongoo_wa_anga
Dada, kwa heshima, napinga. Nimekuwa nikihamisha ndege za watu muda mrefu na ninachokiogopa si huyo kijana, ni huyo mwalimu. Mwalimu asiyeijua njia wala ndege yenyewe ni abiria mwenye leseni. Niliwahi kuitwa kuchukua ndege iliyoachwa njiani. Mwalimu alikuwa na kazi Jumatatu, mwenye ndege anaona aibu kusema anaogopa mawingu, wote wawili wakaingia kwenye mvua kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeamua. Walitua salama kwenye uwanja wa mbuga, lakini gurudumu la mbele halikuwa na hali.

Ukimkodi mtu wa kazi hii, analeta ndege, anaandika orodha ya kasoro, wewe unaanza kujifunza kwenye uwanja unaoujua. Kampuni ya bima pia itakusikiliza vizuri zaidi.

BiKepteni
Kepteni, hapo hatugombani. Lazima mkubaliane kabla injini haijawashwa nani ndiye rubani mkuu, na liandikwe kwenye kitabu. Kwa safari hii ni mwalimu, akisema tunarudi, tunarudi. Na mwalimu asiwe na tiketi ya siku maalumu. Kama hawezi kulala KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) siku mbili akisubiri anga, hafai, mkodi mwingine.

tai_mchanga
Asanteni sana. Naona lori limekufa (shemeji anasoma haya). Nataka njia ya BiKepteni, lakini mwalimu awe mtu wa aina ya jongoo. Je, njia ipi? Kupita KIA au kushukia Mombasa kisha kufuata pwani?

jongoo_wa_anga
Basi mkiamua hivyo nitawapa ramani.

Wilson hadi KIA ni maili za baharini kama 127. Ndege yako inakwenda 105 kwa saa, weka saa moja na nusu pamoja na kupanda. Unapita Kajiado, Namanga, kisha unaingia katikati ya Meru kulia na Kilimanjaro kushoto. Hapo ndipo kuzuri na ndipo pabaya: mawingu yakifunga kati ya milima hiyo miwili, geuka, usijipenyeze. KIA iko chini ya futi 3,000, injini inapumua tena. Uhamiaji na forodha mnamalizia pale. KIA hadi Dar ni maili 243, kasoro ya saa mbili na nusu, Pare na Usambara mkiziacha kushoto.

Njia ya Mombasa ni maili 233 kwa mkupuo wa kwanza, juu ya Tsavo, kisha 130 na kidogo hadi Unguja. Ardhi inashuka tu, hakuna milima ya kukubana. Kwa rubani mpya naipenda zaidi miezi ambayo KIA hufunikwa asubuhi.

Petroli: matangi ya kawaida ya 172M yana kama lita 144 za kutumika, na injini hiyo inakunywa kama 30 kwa saa. Inatosha kwa kila mkupuo na akiba nzuri. Lakini petroli ya ndege ndogo si mafuta ya jeti. Kabla hujaondoka Wilson piga simu kila uwanja, uliza kama ipo *leo*, na kama ni ya pipa chuja mwenyewe.

Mpemba_halisi
Sheikh, mkipita Unguja mvae jaketi za kuokolea kabisa, si kuziweka nyuma ya kiti. Mkondo kati ya Unguja na bara una upana wa maili kama 20. Injini ikizima, 172 inateleza maili moja na nusu kwa kila futi elfu. Vukeni kwenye futi 7,500 na katikati ya mkondo mtafika nchi kavu upande wowote. Kwenye 3,000 mtaogelea.

shemeji_wa_tai
Mimi ndiye shemeji. Lori basi. Ila na mimi nimelipa nusu, siti ya nyuma ni yangu kutoka Nairobi.

BiKepteni
Una kilo ngapi, shemeji?

shemeji_wa_tai
Tisini na kitu. Na begi.

BiKepteni
Panda basi la Nairobi–Moshi, ushuke njia panda ya KIA. Siti utaikuta pale.